Hongera Wachimba Visima

Katika kata ya Mbebe, wilayani Ileje mkoani Songwe, mvua hukatika karibu nusu mwaka. Miezi hiyo ndiyo inayoonyesha thamani ya mtu anayejua kusoma miamba, akapima mahali maji yalipo kabla mtambo haujatoboa ardhi.

Wataalamu hao wanastahili pongezi. Tangu 2019, kazi yao vijijini inasimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, uliorithi pia majukumu ya uliokuwa Wakala wa Uchimbaji Visima na Mabwawa.

Kuchimba peke yake hakutoshi. Kisima kizuri hupimwa kwa kupampu maji kwa saa nyingi, ili ijulikane kinatoa kiasi gani bila kukauka. Ndipo pampu inayolingana nacho inapofungwa, na pale inapotumia umeme wa jua, kijiji huepuka gharama ya dizeli.

Eneo la visima la Makutupora, jijini Dodoma, limeufunza ulimwengu faida ya kupima. Kumbukumbu za visima hivyo, zilizotunzwa kwa zaidi ya miaka 50, zinaonyesha kuwa maji ya ardhini hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Ukweli huo umejulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliopima vina vya maji mwaka baada ya mwaka.

Hongera pia kwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyokusanya ada na kutengeneza pampu. Wananchi, lipeni ada kwa wakati na tunzeni miti kwenye vyanzo.