Sauti ya Saba: Namna ya Kumpima Mwimbaji

Si zamani sana, katika hafla moja hapa Chamwino, alisimamishwa mbele ya watu kijana mwenye kifua kipana na koo lenye nguvu, akaimba wimbo wa Kigogo huku akifuatwa na kinanda cha umeme, na alipokwisha kuimba, mshereheshaji, ambaye ni mtu wa elimu na heshima zake, akatangaza katika kipaza sauti kwamba tangu siku ile jina la Hukwe Zawose, mwimbaji wetu mkubwa wa Kigogo, lipumzishwe, kwa kuwa amepatikana aliye bora kuliko yeye. Vigelegele vikapigwa. Kijana simlaumu, maana anaimba alivyofundishwa, na sauti anayo; lakini kuwaona Wagogo wazima, waliobembelezwa utotoni kwa mlio wa ilimba, ala yetu ya vyuma, wakiiridhia hukumu ile bila hata mmoja kukunja uso, ni jambo lililoninyima raha. Na madhali ubishi wa nani mkubwa kuliko wote miongoni mwa wanaume waimbao peke yao haukomi katika vijiwe vyetu, tangu Buigiri hata Mvumi, nimeona ni wajibu kueleza jinsi mwimbaji anavyopimwa na watu wanaoijua kazi yenyewe.

Ubishi huo aghalabu huenda hivi. Mmoja humtaja Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965 na kuiacha Morogoro nzima ikiimba nyimbo zake. Wa pili humtaja Mbaraka Mwinshehe, aliyefia Mombasa kwa ajali ya gari mwezi wa Januari 1979. Wa tatu Marijani Rajab, Jabali la Muziki. Na hatakosekana mzee wa kumleta Muhidin Gurumo wa NUTA Jazz na Msondo. Wote hutoa ushahidi wa namna moja: wingi wa nyimbo, wingi wa watu waliozijua, wingi wa machozi siku ya maziko. Huo ni ushahidi wa mapenzi, wala si wa ustadi. Mwimbaji wa bendi hubebwa na magitaa na tarumbeta, na sauti yake ikipotoka kidogo huku au huku hapana atakayetambua, kwa sababu ala zimekwisha kuifunika aibu kabla haijafika masikioni. Katika hao wote ni Marijani peke yake ambaye, ukiziondoa ala zote, wimbo hubaki umesimama. Wengine nawaheshimu kwa utunzi, na Mbaraka namheshimu kwa vidole vyake juu ya gitaa kuliko kwa koo lake.

Watu wa pwani wana hoja nzito zaidi. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliyatia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi, na koo lake lilizimudu pinda za mahadhi hayo kwa wepesi nisiousikia kwa mwingine. Lakini mahadhi ni ya kuazima, na mwimbaji wa mahadhi ya kuazima hawezi kupewa nafasi ya kwanza. Zein l'Abdin, mpiga udi, ndiye aliye karibu na kanuni nitakayoieleza, kwa sababu udi hauna vigawanyo shingoni mwake: kidole hutafuta chenyewe mahali pa sauti, na mwimbaji aliyelelewa na udi hujua kwamba baina ya sauti mbili za kinanda pana mahali pengine pengi pa kukaa.

Kabla sijafika kwenye kanuni yenyewe, yako mambo madogo ambayo hayana haja ya hoja. Mwimbaji aweze kuimba akiwa ameketi. Anayehitaji kurukaruka ili sauti itoke, huyo ni mchezaji, na wachezaji wana kipimo chao. Asianze kwa ukelele. Asiye na sauti ya chini hana haki ya kupanda juu, maana Zawose alikuwa akishuka mpaka mngurumo wa kifuani, kisha akapanda hata ukadhani amejibiwa na mwanamke, na njia baina ya vituo hivyo viwili ilikuwa haina shimo wala kizingiti. Pumzi ivutwe mahali ambapo maneno yenyewe yanapumzika, si pale kifua kinapochoka. Na wimbo uwe na mwisho ulioamuliwa na mwimbaji, wala usififie tu kwa sababu mikono imechoka kupiga.

Sasa nije kwenye jambo ambalo asiyezoea hulikosa daima, na ambalo nikilisikia limekosewa siwezi tena kuusikiliza wimbo uliobaki. Uzi mmoja ukitetema hautoi sauti moja. Ndani yake mna sauti ya uzi mzima, ambayo ni ya kwanza, na ya nusu yake, na ya theluthi yake, na ya robo yake, na kuendelea, kila moja ikiwa juu ya iliyoitangulia. Muziki wetu wa Kigogo umejengwa juu ya sauti hizo zilizomo katika uzi wenyewe, tangu ya nne hata ya tisa, na hakuna aliyezibuni, bali masikio ya wazee yalizikuta na kuzichagua. Nyingi katika hizo kinanda chaweza kuziigiza kwa kiasi, ingawa si sawasawa. Ya saba hakiwezi. Ufunguo wa kinanda ulio karibu nayo uko juu yake kwa kadiri ya theluthi moja ya hatua ndogo kabisa ambayo kinanda kinaijua, na theluthi hiyo, ambayo mtu wa mjini atasema ni kitu kidogo, ndiyo tofauti ya mwimbaji wa Ugogo na mtu anayeimba maneno ya Kigogo.

Sauti ya saba haimo katika kila neno la wimbo. Hupita, aghalabu mwimbaji anaposhuka kutoka kilele, na hapo ndipo apimwe. Aliyefundishwa na kinanda akifika pale huipandisha bila kujua, kwa sababu sikio lake limezoea ufunguo, na mara ile wimbo wote huwa mtamu kwa utamu wa kawaida, kama nyimbo za kila mahali. Aliye stadi huiacha ikae chini inapotaka kukaa, na msikilizaji mgeni hudhani amekosea. Nimemsikia kwa masikio yangu mwalimu mmoja wa kwaya akisema kwamba waimbaji wa zamani walikuwa na sauti nzuri ila hawakujua kuishika noti. Waliishika. Ni yeye aliyekuwa akiitafuta mahali isipokaa.

Hukumu hii haitegemei rai ya mtu mmoja, maana wako mashahidi wawili wasioweza kuhongwa. Wa kwanza ni ilimba. Katika ilimba kubwa, vyuma vingi havipigwi kabisa. Vimo ili vitetemeke vyenyewe vinapoitwa na sauti inayolingana navyo. Mwimbaji akiiweka sauti ya saba mahali pake, vyuma hivyo huamka, na utando wa buibui ulio juu ya tundu huanza kunguruma bila kidole kugusa kitu. Akiipandisha hata kidogo, vinanyamaza, na asiyejua husema tu kwamba leo ilimba haikuchangamka. Mzee mmoja wa upande wa Nzali alipelekewa ilimba iliyotengenezwa mjini na fundi aliyeipanga kwa kufuata kinanda. Aliipiga mara mbili tatu, akainamisha sikio, kisha akachukua jiwe na kukigonga chuma kimoja taratibu mpaka kikatokeza mbele kidogo na mlio wake ukashuka. Mjukuu wake akamwuliza, "Babu, kiliharibika?" Akajibu, "Hapana, mwanangu. Kilikuwa hakijibiwi na wenzake." Sijapata kusikia somo la muziki lililo fupi kuliko hilo, wala lililo kamili zaidi.

Shahidi wa pili ni waitikiaji. Kwetu mtu haimbi peke yake hata anapoimba peke yake. Akishaanzisha, wanawake na wanaume humpokea, na kila mmoja huchukua sauti yake kwa kuiruka ile iliyo jirani na kutua juu ya inayofuata, hivyo kwamba sauti ya saba ya mwanzilishi lazima ikubaliane na ya tano ya mwitikiaji. Akiipandisha, anayeitikia hana pa kusimama. Mtazame mwanamke aliye pembeni: atachelewa kidogo kuingia, au ataingia kwa sauti ndogo, au atamwangalia mwenzake. Watazamaji wote wakati huo wanamtazama mwimbaji, aliyefumba macho na kuinua mikono, wakadhani wanaona ustadi, ilhali hukumu imekwisha kutolewa nyuma yake na mtu ambaye jina lake halikutajwa hata katika kipaza sauti.

Wadanganyifu wanaijua hatari hiyo vizuri kuliko wapenzi wao, na hila zao ni chache. Wako wanaojaza mahali pale ukelele wa furaha, nao hupigiwa makofi kwa ukelele huo. Wako wanaowaagiza wapiga ngoma za muheme waongeze nguvu. Na siku hizi wako wanaotia mwangwi mwingi katika kipaza sauti mpaka sauti moja inakuwa kumi na hakuna hata moja inayoweza kushitakiwa. Namkumbuka mwimbaji mmoja wa Dodoma mjini, mwenye sifa kubwa katika harusi, ambaye kila alipokaribia mahali pale aliwageuzia watu uso, akapiga makofi mwenyewe kuwahimiza nao wapige, na kwa kelele zile akavuka salama. Aliifanya hila hiyo kwa miaka mingi. Wengi walimwita fundi, na nadhani wapo wanaomwita hivyo hata leo.

Nisije nikadhaniwa kwamba nachukia kila kinanda, au kwamba naweka kanuni ya Ugogo shingoni mwa dunia nzima. Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1997, aliimba pamoja na harmoniamu, ambayo ni kinanda kama kinanda kingine, lakini koo lake liliiacha ala nyuma na kukaa mahali ambapo hapana ufunguo. Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Canada, alifanya kazi na Nusrat, kisha baadaye akafanya kazi na Zawose wetu. Sioni ajabu kwamba sikio moja liliwachagua wote wawili. Mwimbaji mkubwa hukitumia kinanda kama mlango; mdogo hukifanya nyumba.

Zawose alizaliwa Doduma, katika mkoa huu huu wa Dodoma, akaitwa na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam, kisha akawa Bagamoyo, katika Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981, mpaka alipofariki tarehe 30 Desemba 2003. Anayetaka kumjua kwa insafu asianze na rekodi zilizompa sifa Ulaya. Chibite ya mwaka 1996, aliyoiimba pamoja na Charles Zawose, ni kazi nzuri, na jinsi koo mbili za ukoo mmoja zinavyopeana nafasi ni jambo la kufundishia; lakini Tanzania Yetu ya mwaka 1985 ndiyo niipendayo zaidi, kwa kuwa mle sauti haijapambwa. Wapo wasemao kwamba gitaa la Brook lilimpeleka mbali zaidi. Lilimpeleka mbali, ndiyo, lakini halikumwongezea kitu ambacho hakutoka nacho Doduma.

Wala yeye hakutoka mbinguni. Alitoka katika nchi ambayo, mtama ukishavunwa na ardhi kukauka, vijana waliimba nyimbo za nindo usiku kucha bila taa wala kipimo kingine isipokuwa sikio la mwenzao, na mchunga ng'ombe alishinda mchana na ilimba yake ndogo chini ya mbuyu, akirudia pito moja mpaka vyuma vikubali. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, alipoandika historia, mila na desturi zetu katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, alikuwa akiandika habari za watu waliokuwa bado na masikio hayo. Mizani ya mashairi aliyoyatunga mwenyewe hata mtoto wa shule aweza kuihesabu kwa vidole. Mizani ya uimbaji haihesabiki, hupokewa kwa kukaa karibu na aliye nayo, na hao wa kukaa karibu nao wanapungua kila mwaka. Leo makanisani kinanda hutoa sauti ya kuanzia hata kwa nyimbo zilizokuwapo kabla ya kinanda kufika, na watoto hujifunza sauti ya saba iliyopandishwa kabla hawajaisikia iliyo ya kweli. Sauti nzuri hazijakwisha. Zimejaa tele, Manchali, Handali, Idifu na hapa hapa Chamwino. Kilichopungua ni aibu ya kukosea.

Kwa hiyo, popote waimbaji wanapopimwa katika nchi hii, waamuzi waketishwe nyuma ya waitikiaji, wala si mbele ya jukwaa, kinanda kisitoe sauti ya kuanzia, mwangwi uzimwe, na mwimbaji ashike ilimba, au ala ya nyuzi iitwayo izeze, aliyoipanga kwa mkono wake mwenyewe, maana asiyeweza kuipanga ala yake hawezi kuapa juu ya koo lake. Na kwa wale wanaonidai majina, nayatoa bila kusita. Wa kwanza ni Zawose. Wa pili ni Zein l'Abdin, ambaye nimemtanguliza mbele ya Marijani kwa sababu ya udi ule usio na vigawanyo. Wa tatu ni Marijani Rajab. Tangu wa nne na kuendelea, vijiwe vya Chamwino viendelee kubishana, kwa sharti kwamba anayemtaja mtu aseme pia amemsikia akishuka vipi kutoka kileleni.