Sime ya Kwanza na Elimu ya Chuma: Uchambuzi kutoka Kisaju

Mtu hawi mkusanyaji wa visu siku anapokuwa na visu vingi. Huwa mkusanyaji siku anaponunua kimoja kwa pesa alizojinyima, akarudi nacho nyumbani na kuanza kujiuliza kimetengenezwaje. Swali hilo ndilo linalomrudisha sokoni maisha yake yote. Kwangu lilianzia Kisaju, Kajiado, kwenye barabara ya Namanga baina ya Kitengela na Isinya, na kitu chenyewe kilikuwa sime ya Kimaasai. Naichambua hapa sehemu kwa sehemu, kwa kuwa aliyeielewa sime moja sawasawa tayari ana kipimo cha kupimia nyingine zote.

Tuanze na chuma. Sime nyingi za siku hizi hufuliwa kutokana na springi ya gari, yale mapande bapa yanayobeba uzito wa lori juu ya ekseli. Chuma hicho kina kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6. Kikitiwa moto na kupozwa ghafla huwa kigumu, na bado hakivunjiki ovyo. Chuma cha mageti na madirisha kinachochomelewa kila siku Kitengela kwa kawaida hakifiki asilimia 0.3, kwa hiyo hakishiki makali hata kifuliwe namna gani. Tupa kuukuu nayo huzidi asilimia 1: makali yake ni ya kupigiwa mfano, ila mhunzi akikosea kuipoza hupasuka. Ndiyo maana macho yangu hutangulia sehemu iliyo karibu na mpini. Sime iliyotokana na tupa mara nyingi hubaki na alama za meno hapo, mistari myembamba iliyopishana ambayo nyundo haikuimaliza.

Aina ya chuma pia hueleza umri wa sime. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilibeba sengenge nene pamoja na shanga na nguo, na wahunzi wa bara waliunganisha sengenge hizo kwa moto na nyundo mpaka zikawa mikuki na sime. Baadaye yakaja mapanga ya viwandani, mengi kutoka Birmingham, Uingereza, kisha tupa, kisha springi za magari. Mwenye sime moja ya kila kipindi ana historia ya biashara ya Afrika Mashariki juu ya meza yake.

Sasa umbo. Sime ni nyembamba kwenye mpini, hupanuka kadiri inavyoelekea mwisho, halafu hujikusanya ghafla kwenye ncha. Haina kikingio cha mkono. Kwa upana huo uzito huhamia mbele, na pigo la kushuka hukata tawi bila mkono kulazimisha. Katikati, pande zote mbili, hupita mgongo ulioinuka. Mhunzi huupata kwa kupiga kutoka katikati kwenda ukingoni chuma kikiwa kimeiva, akikigeuza mara kwa mara ili pande zilingane. Mgongo huo huizuia sime kupinda bila kuiongezea uzito mwingi.

Ili kutofautisha sime iliyofuliwa na iliyokatwa tu, pitisha kidole gumba polepole kutoka mgongoni kuelekea makali, bila kuyagusa. Kwenye kazi ya nyundo unene hupungua kidogokidogo njia nzima. Kwenye bapa lililokatwa kwa grainda, unene huwa uleule mpaka karibu na ukingo, kisha hushuka ghafla. Tofauti hiyo kidole huitambua kabla ya jicho.

Kazi ngumu kuliko zote ni kutia chuma maji, ingawa mara nyingi kinachotumika ni mafuta, hata oili chafu ya injini, kwa kuwa hupoza taratibu kuliko maji na hupunguza hatari ya nyufa. Springi hutakiwa kufika kama nyuzijoto 850 za Selsiasi, rangi inayokaribia ya chungwa. Dalili mojawapo ya kukaribia joto hilo ni sumaku kuacha kushika, jambo linalotokea kwenye nyuzijoto 770 hivi. Baada ya kupozwa chuma ni kigumu lakini hukatika kirahisi, kwa hiyo hurudishwa kwenye moto wa pole. Uso uliosafishwa huanza kuonyesha rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha buluu. Kisu cha kunyolea huishia kwenye rangi ya kwanza. Sime, inayopiga matawi na mifupa, inafaa iende mbele zaidi. Ukitaka kujua kama chuma kilitiwa maji, omba ruhusa, kisha gusa makali kwa tupa ndogo: ikiteleza au ikila kwa shida, kilitiwa maji, ikila kwa urahisi, hatua hiyo ilirukwa.

Msuka, yaani mkia wa chuma unaoshikwa kama mpini, hufunikwa kwa ngozi inayovutwa ikiwa mbichi, ambayo hukaza inapokauka. Ala ni mbao mbili nyembamba zilizovikwa ngozi na kupakwa rangi nyekundu. Ngozi huficha unyevu, kwa hiyo sime ya kuhifadhiwa ipakwe mafuta na ilazwe nje ya ala, hasa ukiishi Mombasa au Lamu penye hewa ya chumvi.

Nyuma ya kazi hii yote yuko mhunzi. Kwa Wamaasai ufundi huo ulikuwa wa Ilkunono, watu waliodharauliwa na ambao wengine hawakuoana nao. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamaasai, alieleza kwamba Mmaasai alijipaka mafuta mkononi kabla ya kushika silaha iliyotoka kwa mhunzi. Morani aliilinda jamii kwa sime, na aliyeifua akatengwa. Makumbusho nayo yaliendeleza kosa hilo: lebo nyingi za silaha zilizopelekwa Ulaya hutaja mtu aliyezikusanya, na jina la aliyezifua halimo.

Hapo ndipo mnunuzi wa kawaida wa Kajiado anaweza kuyapita makumbusho makubwa. Uraibu wa kukusanya visu utakupeleka kwenye sime za Wakikuyu na majambia ya pwani, hata kwenye hanjari za Oman, ambazo ufundi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2022. Lakini anza na kile cha kwanza. Muulize muuzaji kimefuliwa na nani, wapi, na kwa chuma gani. Ukiweza, mfuate mhunzi mwenyewe, na umwombe idhini ya kuandika jina lake. Yaandike hayo siku hiyohiyo na uyahifadhi pamoja na kisu. Kisu kisicho na jina la mhunzi wake ni nusu ya kisu, na mkusanyaji anayejali kazi yake hapaswi kuridhika na nusu.