Heshima inakaa wapi?

Hakuna mukutano hapa kwetu ambao neno heshima halitajwi. Mutu wa Lubumbashi anasema «eshima», wa Bukavu na wa Goma vilevile, na wale waliokaa muda mrefu kwenye masomo wanaandika heshima. Lakini tukiuliza heshima inakaa kwa nani, kwa yule anayeitoa ao kwa yule anayeipokea, watu wananyamaza kwanza. Sisi tunaona kwamba ulizo hilo si muchezo.

Neno lenyewe si la Kibantu. Linatoka katika Kiarabu, hishma, nalo lilifika Maniema pamoja na misafara ya wafanya-biashara wa pwani katika karne ya 19, wakati wa Tippu Tip, wakati Nyangwe na Kasongo zilikuwa miji mikubwa ya soko. Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui: hishma si cheo wala sifa. Ni haya. Ni ile hali ya mutu kujizuiza mbele ya mwenzake, asivae ovyo, asiseme ovyo. Kwa ajili ya ukubwa wa jina na ukoo, Waarabu wana neno lingine, sharaf, ambalo sisi tunalisikia paka katika jina Sharifu. Kiswahili kilipotaka kusema kile Wafaransa wanaita honneur, kilishika neno la haya. Shina lilelile limezaa pia Muhashamu, jina ambalo Wakatoliki wanamupa askofu.

Maana hiyo ya zamani haijakufa katika kusema kwetu. Mutoto aliyefundishwa vizuri, akifika kwa watu, haulizi «Baba eko?». Anauliza «Baba beko?», kwa wingi, hata kama baba ni mumoja. Mama-mukwe tunamwambia «mulilala muzuri?», na katika jamaa nyingi mukwe hamuangalie usoni. Angalia vizuri: kazi yote iko upande wa yule anayesalimu. Ndiye anayeinama, ndiye anayechunga kinywa chake.

Ukoloni ulileta heshima ya namna nyingine, ya karatasi. Mwaka 1948 ikakuja carte du mérite civique, 1952 immatriculation. Mweusi aliyetaka kuhesabiwa kuwa mustaarabu alichunguzwa mpaka nyumbani mwake, waone anaishi namna gani. Lumumba mwenyewe alipitia mulango huo, akakubaliwa 1954. Na ni yeye, tarehe 30 Juni 1960, aliyekumbusha mbele ya Mufalme Baudouin kwamba Mweusi alisemeshwa kwa ile «tu» ya Kifaransa, si kwa urafiki, lakini kwa sababu «vous» ya heshima iliwekwa kwa Wazungu peke yao. Wengi wanaikumbuka hotuba ile kwa sababu ya habari ya mapigo. Sisi tunafikiri neno lile dogo liliuma vilevile.

Kisha tukaendelea wenyewe. Wakati wa Mobutu kila mutu alikuwa «citoyen», na mubunge alikuwa «commissaire du peuple». Katika Bunge lililochaguliwa 2006, lenye viti 500, akawa «Honorable». Si vibaya, Watanzania na Wakenya nao wana Mheshimiwa wao. Lakini umuite «Bwana» uone! Heshima imekuwa mali yake, na hata kiti kikipotea watu wanamuachia jina. Hayo yanachekesha tu, hayamuumize mutu.

Kunako mahali ambapo heshima ya kuwekwa kama mali inaumiza. Tangu vita ya 1996, wanawake wengi wa Kivu walibakwa. Hospitali ya Panzi ambayo daktari Mukwege alianzisha Bukavu mwaka 1999 imewapokea kwa maelfu, na Nobel ya amani ya 2018 iliijulisha dunia yote. Sisi tunasema namna gani? Tunaogopa kutaja tendo, basi tunasema: «walimuvunjia heshima», «walimuharibu». Tunafikiri hiyo ni adabu. Kumbe tumeiweka heshima ndani ya mwili wa mwanamuke kama sahani, halafu tunatangaza kwamba sahani imevunjika. Kila mutu anajua nani amebaki na vipande mukononi. Bwana yake anamukimbia. Ao familia mbili zinakaa chini, zinapatana mbuzi ao ngombe ili «kurudisha heshima», na mara nyingine musichana anaozeshwa kwa yuleyule aliyemutendea vile. Heshima gani inarudi hapo? Ya baba na ya ukoo. Yeye hakuulizwa.

Wengine watatujibu kwamba neno la kufunika linamukinga mwanamuke, kwamba kutaja jambo waziwazi ni kumuaibisha mara ya pili. Tunawasikia, kuna mambo ambayo hayasemwi mbele ya watoto. Lakini kufunika tendo ni kitu kimoja, kumubebesha hasara aliyetendewa ni kitu kingine. Sheria n° 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inahesabu ubakaji kuwa kosa la aliyeufanya. Kiswahili nacho hakikosi maneno: kubaka, kushika kwa nguvu, kutendea jeuri. Kunajisi tungeliacha, ingawa wahubiri wanalipenda, maana linasema mwanamuke amechafuka.

Na kama heshima ni kujizuiza, kama hishma ya Waarabu na kama «Baba beko?» ya mutoto wetu, basi usiku ule aliyeikosa ni yule aliyeingia na bunduki, ao jirani aliyeingia bila bunduki. Ndiye hakujizuiza. Wale wanaoandika matangazo ya parokia na ya redio za muji wanaweza kuanzia hapo: aliyetenda awekwe mwanzo wa sentensi, na neno heshima, kama ni lazima lionekane, likae upande wake, pamoja na neno «hana».