Mkono Usiotajwa

"Isifunguliwe." Neno moja, na ndani yake kuna katazo, kuna kutendwa, na kuna kitu chenyewe kinachokatazwa kufunguliwa. Kiingereza hulihitaji jeshi la maneno manne kwa kazi hiyohiyo, nayo hata hapo hayajakitaja kitu chenyewe. Hutangulia kitenzi kisaidizi kinachobeba amri, must au shall, hufuata not, kisha be, mwisho kitenzi kikuu: must not be opened. Mpangilio huo kwa kawaida haubadiliki, na mwanafunzi yeyote huushika upesi. Kinachowasumbua hata wazoefu ni kujua ile not inakata nini. Must not be opened inakataza kufungua. Need not be opened inaondoa ulazima tu, ukitaka, fungua. May not be opened ina nyuso mbili, ama ni marufuku ama huenda isifunguliwe, na ndiyo maana waandishi wengi wa sheria huikwepa.

Wote hao ni wa kupongezwa, lakini anayenivutia zaidi ni yule aliyeshika shall not be na kuifanyia kazi kwa karibu karne mbili, yaani mwandishi wa Katiba ya Marekani. Namwita mwandishi ingawa walikuwa wengi na walipishana miaka mingi. Ukiisoma kazi yao kwa kufuatana, utaona mtu anayejifunza.

Yatazame marekebisho kumi ya kwanza, yaliyoanza kutumika mwaka 1791. La kwanza limetungwa kwa kauli ya kutenda: Bunge la Marekani lisitunge sheria fulani na fulani. Anayekatazwa yuko mlangoni kabisa mwa sentensi, kwa jina. Baada ya hapo kauli inageuka. Haki ya kumiliki silaha shall not be infringed. Haki ya kutopekuliwa ovyo shall not be violated. Dhamana ya kupindukia shall not be required. Aliyekatazwa ametoweka. Kinacholindwa kimesogezwa mbele na kupewa kiti cha heshima, na yeyote anayeweza kukigusa ameachwa nje, bila jina.

Kuna akili kubwa katika kuacha jina hilo. Ukimtaja mvunjaji mmoja, wengine watadai hawakutajwa. Ukinyamaza, katazo linaonekana kumkabili kila mtu. Nasema linaonekana, maana mwaka 1833 ukimya huo ulifikishwa mahakamani.

John Barron alikuwa mmoja wa wenye gati katika bandari ya Baltimore, gati la faida kwa sababu maji yake yalikuwa na kina. Jiji likatengeneza barabara na kuhamisha vijito, navyo vikashusha mchanga na udongo hadi mbele ya gati, meli kubwa zisiweze tena kutia nanga. Mahakama ya chini ilimpa fidia ya dola 4,500, ya rufaa katika jimbo la Maryland ikaifuta. Barron akaenda Mahakama ya Juu ya Marekani akiwa na Marekebisho ya Tano mkononi, yale yanayosema mali ya mtu haitachukuliwa kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Hapo ukanushaji wenyewe umerukia mbele kwa umbo la nor, shall ikaufuata, na be taken ikaja baadaye. Imechukuliwa na nani? Sentensi haisemi.

Jaji Mkuu John Marshall alisema kwa niaba ya majaji wote kwamba makatazo hayo yanaifunga serikali kuu peke yake, si majimbo. Hoja yake ilikuwa ya msomaji makini wa lugha. Katiba yenyewe, alisema, ina mahali inapoyakataza majimbo, na hapo huyataja waziwazi. Wangetaka kuyafunga katika marekebisho haya, wangeandika vivyo hivyo. Barron akarudi Baltimore bila kitu. Nadhani Marshall alisoma sawasawa, ingawa hukumu yake inauma. Mwaka 1789 James Madison alikuwa amependekeza rekebisho lililoyataja majimbo kwa jina, Baraza la Wawakilishi likalikubali, Seneti ikalikataa. Ukimya ule haukuwa wa bahati mbaya.

Katiba ya Tanzania imelikabili jambo hilihili kwa Kiswahili. Ibara ya 24 inaeleza kuwa itakuwa ni marufuku kwa mtu yeyote kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia. Maana inaeleweka. Ila kila nikiisoma napata taswira ya mwenye mali akionywa asithubutu kunyang'anywa! Kutendwa kumembakisha mtendwa peke yake uwanjani, na katazo halina mwingine wa kumwangukia.

Nirudi Marekani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kazi ya kuandika sehemu ya kwanza ya Marekebisho ya Kumi na Nne ilimwangukia zaidi John Bingham, mbunge kutoka Ohio. Aliacha kauli ya kutendwa. Aliandika kwamba hakuna jimbo litakalotunga sheria ya kupunguza haki za raia, wala jimbo lolote halitamnyima mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata sheria. Mwaka 1871 alieleza bungeni kwamba aliisoma hukumu ya Barron, akaona Marshall anaelekeza jinsi katazo hilo lingepaswa kuandikwa, naye akafuata. Sijui hukumu nyingine iliyopata kutumika namna hiyo kama somo la kuandika.

Marekebisho ya Kumi na Tano, yaliyoidhinishwa mwaka 1870, ndiyo niyapendayo kuliko yote. Hapa kauli ya kutendwa imerudi, lakini imerudi ikiwa imeerevuka. Haki ya raia ya kupiga kura shall not be denied or abridged, na mara tu baada ya hapo, by the United States or by any State. Haki imebaki kwenye kiti chake cha mbele, na mkono uliokuwa umefichwa umetolewa nje, wa serikali kuu na wa majimbo, kwa by mbili ili asiwepo wa kujificha nyuma ya mwenzake. Vitenzi navyo ni viwili juu ya shall not be moja. Denied humshika anayenyima kabisa. Abridged humshika mjanja anayeimega haki kidogo kidogo.

Katika Kiswahili anayenyimwa ni mtu: raia hatanyimwa haki. Kiingereza nacho kingeweza kusema hivyo, lakini mwandishi alichagua haki yenyewe iwe mtendwa. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Sentensi inayosema haki haitanyimwa inachukulia kuwa haki hiyo tayari ipo, na mwaka 1876, katika kesi ya Reese, Mahakama ya Juu ilisema rekebisho hilo halimpi mtu haki ya kupiga kura. Linamkinga tu asibaguliwe.

Tundu kubwa zaidi lilikuwa mkiani, kwenye sababu zilizotajwa: rangi, asili, au kuwa mtumwa hapo zamani. Majimbo ya kusini yakatunga sheria zisizogusa hata neno moja kati ya hayo. Yakaweka mtihani wa kusoma. Yakawasamehe mtihani huo wale ambao wao au babu zao waliruhusiwa kupiga kura kabla ya rekebisho hilo kuanza kutumika, ujanja ambao Mahakama ya Juu iliupiga chini mwaka 1915 katika kesi iliyotoka Oklahoma. Yakamtaka anayetaka kupiga kura alipe kwanza kodi ya kichwa, jina ambalo babu zetu Afrika Mashariki walilijua kwa machungu ya namna nyingine.

Hata hivyo kalibu ile haikutupwa. Mwaka 1878 seneta Aaron Sargent wa California aliwasilisha sentensi ileile ikiwa na mkia mpya, jinsia, na maneno hayo yakasubiri hadi 1920 kuwa Marekebisho ya Kumi na Tisa. Mwaka 1964 mkia ukawa kushindwa kulipa kodi ya kichwa au kodi nyingine, kwa uchaguzi wa kitaifa pekee.

Mwaka 1971 ikaja zamu ya umri, na hapo mkia peke yake haukutosha. Ukiandika kwamba haki ya raia ya kupiga kura haitanyimwa kwa sababu ya umri, umempa kura mtoto wa miaka sita. Kwa hiyo waandishi walirudi mwanzo wa sentensi, wakapachika kati ya raia na kura maneno yanayosema ni wale waliofikisha miaka 18 au zaidi. Kuanzia shall not be hadi zile by mbili, hawakugusa neno.