Kuvundika na Kuvunda

Nianze kwa kukiri kosa langu, kwani mkosoaji asiyeanza na nafsi yake hana haki ya kuwanyoshea wengine kidole. Mwaka 2011 nilikuwa Guangzhou, kusini ya China, kwa shughuli za biashara ndogo ndogo, kama walivyokuwa wenzangu wengi kutoka Afrika Mashariki. Siku moja niliingia katika duka la chai, nikatoa fedha ambazo zingetosha kuezeka upya banda la uani la mama yangu, nikanunua mkate mmoja wa chai. Nasema mkate kwa sababu ndivyo ulivyo: majani yaliyopashwa mvuke na kukandamizwa hadi yakawa duara bapa, mfano wa mkate wa ufuta, lenye uzito wa gramu 357. Nilitoka dukani nikiamini kwamba chai ile ilikuwa ya miaka ya 1970. Sikuamini kwa sababu niliionja nikaiona nzuri. Niliamini kwa sababu nilitaka kuwa mtu aliyekunywa chai inayomzidi umri.

Niliporudi Unguja nilimtengenezea mama. Mama yangu amekulia Pemba, katika karafuu, na pua yake imefundishwa na majamvi ya kuanikia. Anaijua karafuu iliyokauka vyema na anaijua iliyolazwa na unyevu ikapauka. Alionja, akakiweka kikombe chini.

"Mwanangu, hii ina harufu ya gunia lililorowa. Nani kakwambia ni nzuri?"

"Mama, hii ina miaka karibu arobaini."

"Hata gunia lina miaka."

Nikataka kuimwaga ile ya kwanza, nimwekee maji mengine, pengine na sukari. Akanizuia kwa mkono. "La kuvunda halina ubani," akasema, akaenda kuinjika chai yake ya tangawizi.

Imenichukua miaka kadhaa kukubali kwamba mama, ambaye hakuweza kusoma hata herufi moja ya ile karatasi, alikuwa ndiye mhakiki wa kweli mle ndani, nami nilikuwa msomaji wa karatasi tu.

Chai yenyewe huitwa pu'er, kwa jina la mji wa Pu'er katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi ya China, ambako tangu zamani ilikuwa ikikusanywa na kuuzwa. Hutokana na mmea wa chai wa jani pana, jamaa ya huu unaolimwa kwetu Mufindi, Rungwe na Kericho. Majani huchumwa, hukaangwa kidogo katika karai ili yasigeuke mara moja, huviringwa, kisha huanikwa juani. Huko kuanikwa juani kuna maana yake, kwani moto mkali ungeliua jani kabisa, ilhali jua huliachia uhai kidogo. Uhai huo uliobaki, pamoja na vijidudu visivyoonekana kwa macho, huendelea kufanya kazi kwa miaka mingi baada ya mkate kufungwa katika karatasi.

Wachina huigawa chai hii mafungu mawili. La kwanza ni mbichi, ambayo wao huiita sheng. Hii huachwa iive yenyewe polepole. La pili ni iliyoivishwa, yaani shou. Hapa lugha yetu inatufaa sana, kwa kuwa tunalo neno kuvundika. Kila aliyekulia shambani anajua ndizi zinavyovundikwa: hufunikwa mahali penye joto, na baada ya siku chache huwa zimeiva. Shou huvundikwa vivyo hivyo. Majani hurundikwa, hunyunyiziwa maji, hufunikwa kwa nguo nzito, na lundo hupanda joto lenyewe hadi nyuzi 50 au 60 za Selsiasi, likipinduliwa mara kwa mara kwa muda wa siku 45 hadi 60 hivi. Njia hii ilibuniwa katika kiwanda cha chai cha Kunming mwaka 1973, kwa nia ya kupata katika wiki chache ile rangi na ule ulaini ambao chai mbichi huupata baada ya miongo.

Sasa tazama, msomaji, jinsi kuvundika kulivyo jirani na kuvunda. La kwanza ni kazi ya mtu anayejua anachokifanya. La pili ni kuoza. Joto ni lile lile na unyevu ni ule ule. Kinachotofautisha ni kiasi na uangalizi. Pu'er yote huishi baina ya maneno haya mawili, na hoja yangu ni kwamba mnunuzi anayeanza kwa kuuliza umri wa chai ameuliza swali lisilo lake. Swali la kwanza ni hili: ililala wapi, na huko ilikolala imekuwa nini?

Msemo unaotawala biashara hii ni kwamba chai hii kadiri inavyozeeka ndivyo inavyonukia. Msemo huo ulipata nguvu kubwa kwa kitabu cha Deng Shihai kiitwacho Pu'er Cha, kilichotolewa Taiwan mwaka 1995, ambacho kiliipanga mikate ya zamani kwa majina na enzi zake. Sikibezi kitabu hicho. Chai iliyokaa ilikuwa kinywaji cha kawaida cha mikahawa ya Hong Kong, ikinywewa pamoja na vyakula vya mafuta bila ya makuu, na ni jambo jema kwamba alitokea mtu akaiandika kwa heshima. Lakini sifa ya mikate michache iliyosalimika iligeuzwa kuwa kanuni ya mikate yote, na hapo ndipo penye kasoro. Mikate iliyooza haikuandikiwa kitabu, ilitupwa. Ukiwahesabu waliofika pwani peke yao, kila chombo kitaonekana imara.

Kisha wakaja wafanyabiashara, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika miaka ya 2000 bei zilipanda kwa kasi, na watu wasiokunywa chai wakainunua kwa makasha wakitazamia faida. Mwaka 2007 hata mji wa Simao ulibadilishwa jina ukaitwa Pu'er, na mwaka huo huo soko likaanguka, wengi wakabaki na shehena isiyo na mnunuzi. Mwaka 2008 China ikatoa kiwango cha taifa kinachotaka pu'er iwe ya majani mapana ya Yunnan yaliyoanikwa juani. Kiwango hicho kinasaidia kujua chai ilikotoka. Hakiwezi kumwambia mnunuzi ilikolala.

Na kulala ndiko kwenye mambo. Kunming ni mji wa milimani, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Chai iliyowekwa huko huzeeka kwa mwendo wa kobe, na baada ya miaka 15 huweza kuuma ulimi kama ya juzi. Hong Kong na Guangzhou ni miji ya joto na unyevu. Mwanzo wa masika yao kuta na sakafu hutoka jasho, na chai hugeuka upesi. Wenye maghala wengine huko waliiweka chai kwa makusudi mahali penye unyevu, kisha wakaihamishia pakavu ipumue. Mjuzi akifanya hivyo kwa kiasi, hupatikana chai yenye ladha ya udongo ulionyeshewa, kafuri na mbao kuukuu, ambayo wazee wengi wa Hong Kong huipenda. Mwenye pupa akifanya hivyo, hupatikana lile gunia la mama. Basi mikate miwili iliyotoka kiwanda kimoja siku moja yaweza, baada ya miaka 20, kuwa mmoja bado mchanga na mwingine umekwisha vunda. Umri wao ni sawa. Vipi tena umri uwe ndio sifa?

Karatasi nayo haina msaada mkubwa. Mikate mingi ya zama za viwanda vya serikali haikupigwa tarehe, na karatasi ni kitu chepesi kuigwa. Hata namba huwapoteza watu. Chukua 7542, mkate mbichi mashuhuri wa kiwanda cha Menghai. Mgeni huona 75 akadhani chai ni ya mwaka 1975. Sivyo. Hiyo 75 ni mwaka uliobuniwa mchanganyiko wake, 4 ni daraja la majani, na 2 ni namba ya kiwanda. Chai ya namba hiyo inatengenezwa hadi leo. Ndivyo nilivyonaswa mimi. Muuzaji aliweka kidole juu ya 75 akanyamaza, nami nikaimalizia sentensi mwenyewe.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili, kwani wapo waliochomwa kama mimi ambao sasa wanasema kwamba chai ya zamani yote ni ulaghai. Hao nao wanakosea. Katika nyumba niliyopanga Guangzhou nilikuwa na jirani, mzee wa Kichina, aliyenikaribisha jioni moja. Alivunja kipande cha mkate uliokuwa ndani ya mtungi wa udongo, hakuniambia kitu, akamimina. Maji yalikuwa na rangi ya asali nyeusi, na niliweza kuona chini ya kikombe. Ukali wa ujana ulikuwa umeondoka bila ya kuondoka na nguvu. Ulikuja uchungu kidogo, ukapita, ukaacha nyuma ya koo utamu ambao nilikuwa nao hata nilipokuwa nikishuka ngazi. Nilipomwuliza umri wa chai, naye aliniuliza kwanza kama nimeipenda. Nilipojibu ndiyo, akasema aliununua ule mkate kwa bei ya kawaida, akausahau, na hakumbuki vizuri ni mwaka gani. Kwake yeye mwaka ulikuwa habari ya mwisho. Kwangu mimi ulikuwa ya kwanza na ya pekee.

Basi anayetaka kuchagua na afanye hivi. Aombe kuonja kabla ya kuonyeshwa karatasi. Atie gramu 5 hadi 7 katika kibakuli cha mililita 100, maji yawe yanachemka, maji ya kwanza yamwagwe, kisha kila mkupuo ukae sekunde chache tu. Anuse majani yakiwa ya moto. Udongo, mbao, kafuri na matunda makavu si kasoro. Ukungu wa kabati na ukali unaopanda puani ni kasoro. Shou mpya huweza kuwa na harufu kidogo ya samaki itokanayo na lile lundo, nayo hupungua kwa miaka michache. Lakini anayeuziwa shou kama chai ya miaka 30, ikiwa na harufu hiyo, ana haki ya kuaga. Atazame maji. Hata yakiwa meusi kama kahawa, yanapaswa kuwa maangavu, si ya tope. Atazame na majani baada ya mikupuo minane. Mbichi iliyozeeka vizuri huwa na jani la hudhurungi lililo laini, linalokunjuka. Iliyounguzwa na ghala huwa na jani jeusi, gumu, lisilofunguka. Na akiona ukungu wa manyoya, wa kijani au mweusi, aache, hata kama bei ni ya kutupa.

Zaidi ya yote anunue kidogo. Gramu 25 zinamfundisha mtu zaidi kuliko mkate mzima aliouogopa kuuvunja kwa sababu ya bei yake. Na akisha nunua, aiweke mbali na kila chenye harufu. Mkate wangu wa pili niliuweka kabati moja na karafuu, na baada ya mwaka nilikuwa ninakunywa karafuu.

Wala shou isidharauliwe. Wajuaji huiita chai ya mkato, ati kwa kuwa imeharakishwa. Lakini shou njema ya miaka mitano au sita haimwongopei mtu. Inasema wazi kwamba imevundikwa, inauzwa kwa bei ambayo mwenye mshahara wa kawaida anaimudu, na ni laini, nzito, haikwaruzi. Ndizi iliyovundikwa ni ndizi halali. Udanganyifu huanza pale anapokuja mtu kuapa kwamba iliivia mgombani.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kuheshimu kilichotangulia, na twasema utu uzima dawa. Sipingani na hilo. Ila sote tunawajua wazee ambao miaka imewaivisha, na tunawajua wengine ambao miaka imewapita juu kwa juu tu, na hakuna anayewatofautisha kwa kutazama cheti cha kuzaliwa. Tunakaa nao, tunawasikiliza, ndipo tunajua. Chai haiombi zaidi ya hapo.

Ule mkate wa mwaka 2011 ninao bado. Nimeujaribu tena mara mbili tatu, nikiuachia hewa kama nilivyoshauriwa, na harufu imepungua, lakini haijawa chai. Siutupi, kwa sababu nataka niukumbuke. Mwaka 2019 nilimpelekea mama shou ya miaka mitano, ya bei ndogo, nikaitengeneza bila ya kusema neno. Alinusa, akanywa, akanyosha kikombe nimwongeze. Nilingoja aniulize imetoka wapi na ina miaka mingapi. Hakuuliza.

"Hii sawa," alisema alipomaliza. "Ila ingekuwa na tangawizi."