Ngumi Mgongoni mwa Kasa

Katika Mists of Pandaria, nyongeza ya World of Warcraft ya 2012, nilichagua panda, mtawa wa ngumi na mateke. Mafunzo ni mepesi mno: bonyeza vitufe viwili vitatu, sanamu za mazoezi chini, ushafuzu! Ila yote hayo hufanyika mgongoni mwa Shen-zin Su, kasa mkubwa kama kisiwa, aliyekwamwa na meli ubavuni. Sisi wa Diani, tuliozoea kuona kasa walionaswa nyavuni, hapo ngumi tunazisahau. Nilihangaika naye hadi akatibiwa. Halafu mchezo unamtupa, unakwambia chagua upande. Mimi Alliance, binamu yangu, kiti cha pili mle mle saiba ya Ukunda, Horde. Akiniandikia salamu mchezoni, nasoma maneno yasiyoeleweka.