"Dhidi ya" Katika Istilahi za Maabara

Miongoni mwa tafsiri zilizoletwa mezani kwetu ili zihakikiwe ilikuwamo ya kibandiko cha kichupa cha maabara, kilichosomeka: "Kingamwili dhidi ya asetilikolinesterasi." Kisarufi hakina kasoro. Kimaana kinapotosha.

Asetilikolini ni kemikali ipitishayo taarifa kutoka neva hadi msuli. Ikisha kufanya kazi yake, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja, nao msuli hulegea. Dawa kama neostigmini hukizuia kimeng'enya hicho. Ndivyo zifanyavyo pia sumu za wadudu za jamii ya oganofosfati, ambazo zaweza kumwua mkulima azinyunyiziaye bila kujikinga. Hizo ndizo hasa zilizo dhidi ya kimeng'enya.

Kingamwili ya kichupani ni jambo jingine. Sungura au panya hudungwa kimeng'enya hicho. Mwili wake hukiona kuwa kitu kigeni na kuunda kingamwili za kukinasa. Mwaka 1975 Köhler na Milstein walieleza njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu kwa wingi. Mtaalamu huzitia kwenye kipande chembamba cha tishu, nazo hunata penye kimeng'enya, na rangi iliyofungamanishwa nazo huonyesha kilipo. Hazikusudiwi kuzuia chochote. Kazi yake ni kutambulisha.

Kosa la mfasiri laeleweka. Katika lugha chanzi kiambishi kimoja hubeba maana zote mbili, naye akakipa tafsiri moja. Lakini mtunza bohari ya hospitali akutanapo na "dhidi ya" katika vibandiko vyote viwili, atajuaje kipi ni cha dawa na kipi ni cha kitendanishi cha maabara? Istilahi isiyotenganisha vitu hivyo haijatimiza wajibu wake.

Huenda wakatokea watakaotaka neno kingamwili lenyewe liachwe, kwa kuwa hapa hakuna mwili unaokingwa. Sikubaliani nao. Neno hilo limekwisha kuota mizizi, na istilahi yaweza kutaja asili ya kitu bila kutaja kila matumizi yake. Kinachostahili kurekebishwa ni kiungo. Napendekeza "kingamwili ya kutambulisha asetilikolinesterasi" kwa kitendanishi, na "kizuizi cha asetilikolinesterasi" kwa dawa na sumu. Walimu na wafasiri hawana budi kuyapima mapendekezo haya kazini, kisha watuletee maoni yao.